Mama, muulize baba watoto ameweka mshipi gani kwenye rili

Kuna akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu. Nawajua.

Najua mlikuwa mnangoja sehemu ya pili ya homa za watoto. Itakuja. Leo naomba niongelee uvuvi, na kabla hujapita, soma kidogo uone kwa nini nesi ameacha homa akaanza habari za samaki.

Baba watoto wangu alikulia Naivasha. Sasa, ziwa Naivasha lina samaki anayeitwa besi, na huyo besi aliletwa kutoka huku Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo tulipohamia Texas akakuta watu wanaamka saa kumi alfajiri kumfuata besi, alifurahi kama amekutana na mtu wa kwao. Nikamwambia hapana, wewe ndiye umemfuata kwao.

Akanunua fimbo na ile rili inayokaa juu ya fimbo, wanaiita beitikasta. Muuzaji dukani akamwambia asihangaike na mengine, aweke mshipi wa kusuka wa pauni 50, hautamkatikia. Na kweli haukukatika. Jumamosi ya pili ndoana ilinasa kwenye mti uliozama. Yeye akauzungusha mshipi mkononi mara mbili, akavuta kwa nguvu zake zote. Mshipi ukaingia kwenye vidole viwili kama waya wa kukatia jibini. Kimoja kilikaribia kabisa kwenye kano. Alishonwa, akadungwa sindano ya pepopunda, akarudi nyumbani na bendeji kama glavu ya ndondi.

Mimi nilikuwa na mtoto wa wiki saba na mshono wa upasuaji. Kwa wiki tatu yule baba hakuweza kufunga nepi, wala kufungua chupa, wala kumwogesha yule mkubwa wa miaka minne. Mama ambaye amewahi kuwa na kichanga anajua wiki tatu hizo ni miaka mingapi.

Basi msimamo wangu ndio huu: mtu anayejifunza beitikasta, na hasa anayekwenda na watoto, aanze na nailoni ya kawaida, ya pauni 12 mpaka 15. Wavuvi wakubwa watanicheka. Wacheke, lakini mimi ndiye nabaki na mtoto.

Niwaeleze kwa kifupi. Kwenye rili za aina nyingine mshipi unatoka kwenye kigurudumu kilichotulia. Kwenye beitikasta kigurudumu chenyewe kinazunguka unaporusha, na kidole gumba ndicho breki. Ukichelewa kukigusa, kigurudumu kinaendelea kwa kasi wakati chambo kimeshapunguza mwendo, na mshipi unafumuka humo ndani kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Anayejifunza ataufumua mara kumi kwa siku. Nailoni ni laini na nene kidogo, inafumulika kwa vidole, na ni rahisi kwa bei, kwa hiyo ukikata mita 20 ukatupa huumii roho. Mshipi mwembamba, chini ya pauni 10 hivi, usiweke kwenye rili hii wakati unajifunza. Unapenya katikati ya mizunguko na kukwama.

Kuna florokaboni. Hii inazama, na kwa sababu inapitisha mwanga karibu sawa na maji, samaki anaiona kwa shida. Kwenye maji maangavu ni nzuri kweli. Lakini ni ngumu, inapenda kujikunja vile ilivyokaa kwenye rili, na bei yake utaisikia. Na kwa vile inazama, haifai kwa chambo cha kuelea, inakivuta pua chini. Mwanafunzi hana haja nayo mwaka wa kwanza.

Halafu huo wa kusuka. Sisemi ni mbaya. Mahali ambapo majani yamefunika maji kama mkeka, na unaburuta chura wa plastiki juu yake, huwezi kumtoa besi mle kwa mshipi mwingine. Haunyooki hata kidogo, kwa hiyo ndoana inashika hapohapo. Tena ukiuweka, tanguliza nailoni kidogo chini yake, la sivyo unateleza kwenye kigurudumu na utadhani rili imeharibika. Tatizo langu ni unene wake. Mshipi wa kusuka wa pauni 50 una unene kama wa nailoni ya pauni 12. Nguvu ile yote imebanwa kwenye uzi mwembamba, na ngozi ya mkono haina namna. Ukinasa, usivute kwa mkono mtupu hata kama ni ndoana ya bei ghali. Zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, uvute kwa huo, au kata uende nyumbani.

Nailoni nayo ina kasoro yake na sitaificha. Inavutika kama mpira wa manati. Hiyo ndiyo inasaidia besi akiruka na kutikisa kichwa, ndoana isimchanike mdomoni. Lakini chambo kilichonasa kikiachia ghafla, kinarudi kwa aliyevuta, na kina ndoana zenye ncha tatu. Sasa fikiria mtoto wa miaka minne amesimama nyuma ya babake anachungulia. Kwa hiyo miwani kwa kila mtu, mpaka mtoto, hata ile ya jua ya dola chache. Na wakati wa kuvuta kilichonasa, watoto wawe mbali na pembeni, si nyuma.

Ndoana ikiingia kwenye jicho, au karibu nalo, usiitoe. Usioshe, usibonyeze. Funika na kikombe cha karatasi bila kukigusisha jicho, kata mshipi, nenda kitengo cha dharura. Ikiingia kidoleni mpaka ile miba imezama, njoo nayo hivyohivyo, tuna namna ya kuitoa.

Kuna jambo la nyumbani ambalo akina baba hawalifikirii. Wanaweka mshipi mpya kwenye rili wakiwa wamekaa sebuleni, wanakata ncha, vipande vinabaki kwenye zulia. Hospitalini tunaletewa vichanga wanaolia bila kunyamaza, mama amejaribu ziwa, amejaribu kubeba, wapi. Ukivua soksi unakuta kidole cha mguu kimevimba na kuwa chekundu au cha buluu, kimefungwa na unywele. Mara nyingi ni unywele wa mama, maana baada ya kujifungua nywele zinatoka. Unywele tu unafanya hivyo. Uzi wa kusuka haukatiki kwa meno. Kwa hiyo kazi ya mshipi ifanyike gereji, juu ya gazeti. Na mtoto akilia bila sababu, vua soksi uangalie kila kidole.

Mshipi wa zamani usiuache ufukweni, ndege wanaufunga miguuni. Kwenye maziwa mengi ya huku kuna bomba la plastiki limefungwa kwenye nguzo karibu na gati, unatumbukiza humo nailoni na florokaboni zikatengenezwe upya. Wa kusuka hawaupokei, ukate vipande vifupi kabisa uweke kwenye taka za nyumbani. Nailoni ikikaa juani inachoka, ibadilishe kila msimu kabla haijakuangusha.

Na baba akikuambia bila mshipi wa bei ghali hapati kitu, mwambie besi mkubwa wa rekodi ya dunia, pauni 22 na aunsi 4, alivuliwa Georgia mwaka 1932. Kampuni ya DuPont ilitangaza nailoni mwaka 1938. Huyo mvuvi, George Perry, hakuwa na hata hiyo nailoni ninayoitetea hapa.

Wa kwangu vidole vimepona, ila kimoja hakikunji mpaka mwisho. Amerudi ziwani na nailoni ya pauni 14, na mtoto mkubwa amevaa miwani ya jua ya rangi ya waridi aliyoichagua mwenyewe. Wiki iliyopita walileta besi wawili. Nilikaanga, tukala na ugali. Alhamisi tunarudi kwenye homa.