Dawa Zimemezwa, Je, Maambukizo Yamekoma?

Kampeni ya kutokomeza matende na mabusha nchini Tanzania ilianza mwaka 2000 kisiwani Mafia. Ilipofika Dar es Salaam, wakazi wa Temeke na Kinondoni nao walimeza ivamektini na albendazoli mwaka hadi mwaka. Aghalabu mafanikio ya kazi kama hiyo hutangazwa kwa kutaja idadi ya watu waliomeza dawa. Idadi hiyo hueleza bidii ya wagawaji. Haielezi hali ya mnyoo.

Kwa miaka mingi mnyoo huyo, Wuchereria bancrofti, alitafutwa kwa darubini katika damu iliyotolewa baina ya saa 4 na saa 8 usiku, wakati vijiminyoo vyake vinapojitokeza kumlaki mbu. Baadaye kikaja kipimo cha kadi, kitafutacho antijeni, yaani chembechembe zitokazo kwa mnyoo mkubwa, nacho hufanyika hata mchana. Hata hivyo, dawa hizo huua zaidi vijiminyoo kuliko wazazi wao, ambao huweza kuishi miaka 4 hadi 6. Kwa hiyo antijeni katika damu ya mtu mzima si lazima iwe dalili kwamba dawa imeshindwa. Yaweza kuwa masalio ya maambukizo ya zamani.

Hapo ndipo kingamwili zinapokuwa na thamani ya pekee. Mwili huanza kuzitengeneza mara upambanapo na vimelea vilivyoletwa na mbu, pengine kabla antijeni haijaonekana. Mtoto aliyezaliwa baada ya ugawaji wa dawa kuanza hana maambukizo ya zamani. Akikutwa na kingamwili hizo, yamkini mbu wa mtaani kwake wangali wanaeneza ugonjwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulitaka watoto wa miaka 6 na 7 wapimwe antijeni kabla ya ugawaji kusimamishwa. Yafaa kingamwili ziongezwe katika upimaji huo. Ni kweli kwamba zaweza kudumu mwilini muda mrefu, na baadhi ya vipimo huchanganya minyoo ya jamii moja. Basi zisitumiwe kumhukumu mgonjwa mmoja, bali zionyeshe mwelekeo wa mtaa mzima. Matone machache ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi yatosha.

Majibu hayo yataonyesha pia mahali pa kumkabili mbu. Culex huzaliana katika vyoo vya shimo vyenye maji. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, vyoo vilimwagiwa punje za polistirini zilizofunika maji, sambamba na dawa kwa wananchi, na maambukizo yakapungua sana.

Dawa zikisimamishwa mapema, ugonjwa utarudi kimyakimya; zikiendelea bila haja, wananchi watachoka na kuzikataa. Waliomeza vidonge kwa uaminifu wanastahili kupewa ushahidi, si hesabu ya vidonge pekee.