Sifuti Windows, Wala Sinunui Mpya

Wenzangu, kuna makundi mawili yananichosha kila nikifungua laptopu yangu mbele za watu. La kwanza ni la akina "tupa hiyo, nunua mpya." La pili ni la akina "futa Windows, uwe huru." Leo nayajibu yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Laptopu yangu ni ya mtumba. Hadithi zangu zote zimo humo, pamoja na riwaya ambayo bado haijapata mchapishaji. Ilikuwa inatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga msaada wa kawaida wa mfumo huo. Windows 11 nayo inataka prosesa za Intel ambazo, kwa sehemu kubwa, zinaanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha sita. Basi fundi wa mtaani akaitazama, akasema, "Dogo, peleka skrepa."

Skrepa! Mashine inawaka, inaandika, inahifadhi, halafu eti imekufa? Kiwanda kikitoa kalamu mpya, wewe unatupa yako yenye wino?

Nilinakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje (atakayeruka hatua hiyo asije kunililia), nikapunguza nafasi ya Windows, nikaweka Linux pembeni kwa flashi. Sikulipa hata senti. Mfumo huu aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Leseni yake inakuruhusu kuutumia, kuufungua, kuurekebisha, na kumgawia jirani. Kwa uhuru wa namna hiyohiyo, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Sisi tunaoandika Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili.

Sasa kundi la pili wananirukia: "Mbona Windows bado ipo? Mshika mbili moja humponyoka!" Jamani, nani kawaambia nashika mbili? Nikiwasha, menyu inaniuliza: Linux au Windows? Nikichagua moja, nyingine inalala. Kibarua changu cha mchana kina programu ya hesabu inayokubali Windows tu. Nikiifuta, nitakula uhuru? Nimeibakiza, ila siiunganishi tena na intaneti. Usiku narudi Linux kwenye riwaya yangu.

Sisemi hakuna usumbufu. Mara ya kwanza saa ya Windows ilirudi nyuma kwa saa tatu. Linux huitunza saa ya mashine kwa saa za dunia, Windows huisoma kama saa za hapa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Nikauliza, nikapewa amri moja, yakaisha. Je, kwa amri moja nitupe mashine nzima?

Ninalodai ni dogo: mwenye mashine ndiye aulizwe. Kiwanda kisiniamulie lini izeeke, na mhubiri wa Linux asiniamulie nifute nini. Anayeona nimekosea na aandike toleo lijalo. Ila aje na hoja, asije na neno skrepa.