Saki ya ziwani: vitu ambavyo wamama tunavisahau



Shule zimefunga, na tangu juma lililopita ninaulizwa swali moja tu. Nyuma ya mkutano wa likelemba mama mmoja alinivuta mkono akasema: « Mama Mwalimu, ninavuka ziwa na watoto watatu, tunaenda kufanya vakansi Goma kwa shangazi yao. Nguo nimekwisha kuzikunja, zawadi ya shangazi iko tayari. Nitie nini tena katika saki? » Nilimjibu haraka haraka, kama mtu anayewahi soko: maji, biskuti, basi. Usiku jibu lile lilininyima usingizi. Leo ninalirudilia vizuri.

Katika nchi za mbali watu wanapanda meli kubwa za kutalii, wanakaa juma zima baharini, na wanapeana orodha za vitu vya ziada vya kubeba: kamba ya kuanikia nguo, dawa ya kichefuchefu, kofia ya jua. Hakuna anayeandika jile ya kuokolea, kwa sababu meli zile zina jile kwa kila kichwa, na abiria wote wanafanyishwa zoezi la kujiokoa wakati wa kuondoka. Kwetu vakansi ya majini ni Bukavu na Goma. Kanoti ya mbio inachukua masaa machache, mashua kubwa siku nzima au usiku kucha. Orodha ya wenzetu haitutoshi. Yetu inaanza na jile yenyewe.

Nitawaeleza kwa nini. Miaka miwili iliyopita nilivuka na binti yangu, alikuwa na miaka 4. Katika mashua (sitaitaja) walitugawia jile, nami nilishukuru, maana kuna safari ambazo hata hiyo hupati. Nilimvika mtoto, nikafunga mikanda yote, nikatulia. Tulipokuwa tunapita pembeni ya Idjwi upepo ukaamka, mashua ikaanza kuyumba, na mtoto akateleza kwenye benchi. Nilimshika kwa mabega ya ile jile ili nimwinue. Jile ilinifuata mkononi, ikapita masikio yake, mtoto mwenyewe akabaki chini. Ilikuwa jile ya mtu mzima. Ndani ya maji ingepanda juu peke yake na kumwacha mwanangu. Tulifika salama, lakini mpaka leo mikono yangu inakumbuka wepesi wa jile ile tupu.

Kwa hiyo, jile ya mtoto ni ya mtoto. Ndani yake kuna karatasi iliyoshonwa inayoonyesha kilo za mtu anayeweza kuivaa. Usinunue kwa kutazama rangi. Iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, na kwa wadogo iwe na kola nyuma ya shingo ya kushikilia kichwa. Ukimvika, fanya kama nilivyofanya mimi, ila fanya nyumbani: mshike mabegani mwa jile umwinue. Kama kidevu na masikio vinazama ndani ya jile, hiyo si saizi yake. Filimbi ndogo ifungwe kwenye mkanda. Gizani filimbi inasikika mbali kuliko kilio.

Ninajua mtasema nini: bei. Mwalimu anayelipwa kama ninavyolipwa mimi haitaji kukumbushwa bei. Lakini tazameni, kila kikundi chetu kina sufuria kubwa na viti vya sherehe. Hakuna mama aliyenunua sufuria ile peke yake. Tulichanga, na mwenye arusi anaazima. Jile nne za watoto, mbili ndogo na mbili za kati, zinaweza kukaa kwa mama mmoja wa kikundi pamoja na sufuria. Anayesafiri anazichukua, akirudi anazisafisha na kuzianika kivulini. Nitalileta jambo hili mkutanoni, na ninaomba msiniachie nizungumze peke yangu.

Kuna neno lingine, nalo ni gumu kwa sababu linagusa desturi yetu. Mtoto mchanga tunambeba mgongoni, kikwembe kimekazwa, na hivyo ndivyo tunavyopanda mashua. Fikirini kidogo. Kwanza, jile haivaliki vizuri juu ya mtoto. Pili, jile nzuri imetengenezwa ili ukiwa majini ulale chali, uso wako uelekee juu. Mama atapumua. Na aliye mgongoni? Atakuwa chini yako, ndani ya maji, amefungwa na fundo uliloloanisha. Ndani ya mashua mtoto aje mbele. Vaa jile yako kwanza, kisha mshike kifuani, juu ya jile, na kikwembe kiwe na fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Tukiteremka bandarini arudi mgongoni kwake, hakuna atakayemkatalia.

Msifikiri ninatisha watu bure. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wa Goma wakiitazama kutoka ngambo. Makumi ya ndugu zetu walikufa wakiwa wamekwisha kuuona mji. Ndiyo maana mimi sivui jile ya mtoto kwa sababu « tumefika ». Tunaivua tukikanyaga udongo.

Sasa tuje kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote: ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko kinachokaza. Mume wangu alinicheka, akasema ninaenda vakansi kama anayeenda kufua. Ndani ya ndoo ile ninatia karatasi zote, telefone usiku, nguo moja kavu ya kila mtoto na mkate. Mvua ikipiga au wimbi likiingia, saki ya kitambaa inalowa yote. Ndoo hailowi ndani. Imefungwa, mtoto anaikalia kama kiti. Ikianguka majini inaelea. Na pale ambapo choo cha mashua hakiwezekani (mliosafiri mnajua ninachosema), unahamisha vitu katika sashe na ndoo inamwokoa mtoto, kikwembe kikishikwa kama pazia. Lakini kwa kazi hiyo, ikiwezekana, beba kijindoo cha pili. Mimi nilijifunza hilo kwa mkate.

Vikwembe viwili basi, si kimoja: cha kubeba, na cha pazia, cha kivuli, cha kumfunika aliyelala. Na tena sweta, hata kama Bukavu jua linawaka. Ziwa Kivu liko juu, zaidi ya mita 1.400, na upepo wa usiku juu ya maji unapenya. Watoto wanaopanda na tisheti wanafika Goma na kikohozi, halafu shangazi analaumiwa.

Maji ya kunywa mbebe ya kutosha kwenda, na ya ziada kama motere itakufa katikati. Maji ya ziwa yanaonekana safi, hayanywewi. Kolera katika Kivu zote mbili inatembea na maji hasa kandokando ya ziwa. Sabuni kipande, kwa mikono kabla ya kula. Chakula kiwe kikavu na kisicho na mafuta mengi: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, karanga, mkate. Sambaza za kukaanga mziache kwa siku ya kufika, kwa sababu wimbi na mafuta havipatani tumboni.

Kuhusu kutapika: mkalishe mtoto katikati ya mashua, chini, si mbele wala nyuma ambako panaruka sana, na mwonyeshe mlima wa mbali atazame huko badala ya kutazama telefone. Sashe tano sita ziwe mfukoni mwako, si chini ya mizigo. Dawa ya kichefuchefu kwa mtoto mdogo usipewe na jirani wa benchi. Muulize nesi kabla ya siku ya safari. Akitapika sana, mpe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, polepole: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Sukari na chumvi unaweza kuvipima nyumbani na kuvifunga katika kikaratasi, halafu unabeba chupa ya lita moja kamili. Mimi ninatembea na vikaratasi viwili.

Karatasi. Kopi ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na kama baba hayupo safarini, barua yake fupi yenye sahihi si mzigo mzito. Kwa kila mtoto andika kikaratasi: jina, jina la mama, namba mbili za telefone, moja ya nyumbani na moja ya mwenyeji. Kifunge katika plastiki na ukishonee ndani ya nguo. Bandarini watu wanasukumana, wabeba mizigo wanakunyang'anya saki mbili kwa mara moja, na mtoto wa miaka mitano anajua kwamba mama yake anaitwa « Mama ».

Pale pale kwenye tiketi, simama utazame wakiandika orodha ya abiria. Mara nyingi wanaandika wanaolipa, na mtoto wa mapajani hahesabiwi. Dai jina lake liandikwe. Karani atakunja uso, amkunje tu. Mashua ikipata shida, wale wa kutafuta watu wanaanza na orodha ile, na asiyeandikwa hana anayemtafuta isipokuwa mama yake.

Pesa uzigawe mahali pawili. Ziwe na franka ndogondogo za mbeba mizigo na mpikipiki, na dola ziwe nzima, kwa kuwa mnajua iliyopasuka kidogo tu inageuka karatasi. Torshi. Telefone iliyochajiwa, na kabla ya yote hayo simu moja bandarini asubuhi ile ile: je, vyombo vinatembea? Siku hizi njia inafungwa na kufunguliwa, na si vizuri kulala na watoto kwenye mizigo.

Kwa watoto wakubwa, kama mwalimu siwezi kunyamaza, weka daftari na kalamu. Binti yangu wa pili alichora kila kisiwa alichokiona na kuniuliza kina cha ziwa. Nilimwambia karibu mita 480 mahali penye kina zaidi. Akafunga daftari, akakaza mkanda wa jile yake mwenyewe bila kuambiwa.

Mkifika Goma, muulizeni mwenyeji siku ya kwanza mazuku iko wapi karibu na kwake. Watoto wa kule wanajua. Wa kwetu hawajui. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde na mashimo kwa sababu ni nzito kuliko hewa yetu. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, na mtoto mfupi au aliyeinama kuokota mpira akaanguka pale pale. Ukiona mbuzi amekufa shimoni bila jeraha, usimtume mtoto kutazama, wala usiende mwenyewe.

Mama wa watoto watatu anaondoka siku ya nne. Jile mbili za kati tumezipata, ziko kwangu. Inakosekana moja ndogo, ya kilo 10 mpaka 15. Mwenye nayo ailete kwenye ofisi ya chama kabla ya siku ya tatu jioni; nitaandika jina lake katika kitabu, na itarudi ikiwa imesafishwa.