CHAPATI ZA MAJI: TUSIUZE YAI TUKANUNUA SUKARI

Ndugu wanachama,

Leo sitaki kusema habari za bei ya mazao wala madeni ya mbolea. Hayo Ndugu Katibu ameshayaandika hapo juu, na kila mtu ameyasoma. Mimi nataka tuingie jikoni, saa 12 asubuhi, watoto wanapojiandaa kwenda shule. Akina baba msiondoke. Maneno haya ni yenu pia.

Nianze na nyumba yangu mwenyewe, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule. Mimi nafuga kuku 14. Kila siku ya gulio napeleka mayai, nauza, narudi na unga wa ngano mweupe na sukari. Asubuhi nakoroga chapati za maji: unga, maji, sukari ya kutosha, na kwenye kikaango mafuta yanaogelea. Mjukuu wangu anakula mbili na chai ya rangi, anakwenda zake shule. Mie najiona nimemlisha kweli kweli.

Basi mtoto akaanza kulegea, anasinzia darasani. Kumpeleka zahanati, tukaambiwa damu imepungua. Muuguzi akaniuliza, "Bibi, asubuhi anakula nini?" Nikamweleza. Akauliza tena, "Na nyumbani kuna kuku?" Nikasema wapo. Akanitazama tu, hakusema neno. Ndugu zangu, niliona aibu.

Vidonge alivyopewa amevimaliza, na wala sisemi kwamba chapati ni dawa ya damu. Mgonjwa apelekwe zahanati. Ninalosema ni hili: tunauza kilicho bora, halafu kwa fedha ile ile tunanunua kilicho hafifu na kuwapa watoto wetu. Sasa hiyo ni biashara gani?

Unga mweupe umekuwa mweupe kwa sababu umeondolewa pumba na kiini cha punje. Humo ndimo zinamokaa nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini na madini ya chuma. Kinachobaki ni wanga zaidi. Ulezi wetu husagwa mzima, na una madini ya kalsiamu, yale ya mifupa na meno, kuliko nafaka zote tunazolima hapa. Sisi tunauita chakula cha maskini, tunautengea pombe!

Hebu jaribuni hivi. Usiku chukua kikombe 1 cha unga wa ulezi, usiuchekeche. Changanya na kikombe 1 cha maji safi, funika, ulale. Asubuhi ukikuta umechachuka kidogo usiogope, ndiyo vizuri, maana kulaza unga kunausaidia mwili kuyapata madini yaliyomo. Ongeza kikombe 1 cha unga wa ngano, mayai 2, ndizi mbivu 2 zilizopondwa, chumvi robo kijiko cha chai, na maziwa kidogo kidogo mpaka rojo ishuke vizuri kwenye upawa. Sukari usitie hata chembe, ndizi inatosha. Kata kitunguu nusu, kichovye kwenye mafuta, pangusia kikaango. Mimina upawa mmoja, tandaza. Ikitoa matundu juu na kukauka pembeni, geuza. Utapata kama chapati 10. Asiyependa tamu aache ndizi, atie kitunguu, karoti na mchicha uliokatwa mwembamba.

Najua habari ya sukari itawaudhi wengi. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri sukari tunayoongeza kwenye vyakula, ikiwezekana, isizidi kama vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima kwa siku nzima. Hesabuni wenyewe: vijiko 3 kwenye kikombe cha chai, vingine kwenye chapati, na jua halijapanda.

Na chai yenyewe, hapa ndipo mtanipiga mawe. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mboga. Chungwa au papai linasaidia kuyachukua. Basi mtoto ale chapati yake na tunda au maziwa. Chai ingoje, haina miguu, haitakimbia.

Wapo watakaosema, "Mayai ndiyo sabuni na daftari za shule, tukiyala tutanunua nini?" Ni kweli, nami nauza. Lakini sikusema tule yote. Mayai 2 yanatosha kikaango kizima cha familia. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki, ni mayai 4. Na ile sukari na mafuta uliyoacha kumwaga, si fedha hiyo? Hata mwenzetu anayepitisha maandazi barabarani simlaumu, anatafuta riziki. Akiuza chapati hizi, mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Akina baba, sasa zamu yenu. Zamani baadhi ya makabila yetu yalikuwa na mwiko wa kuwakataza wajawazito na watoto kula mayai. Hata pale mwiko ulipokufa, desturi yake bado inatembea: yai likipikwa, sahani inakwenda kwa baba. Tena fedha za mayai nani anazipangia kazi? Mama peke yake hawezi kubadili kifungua kinywa kama baba hajakubali.

Wazee mnakumbuka vikundi vya kusikiliza redio, Mtu ni Afya mwaka 1973, halafu Chakula ni Uhai mwaka 1975. Tulisikiliza, tukajadili, tukachimba vyoo, tukapanda bustani. Hatukungoja mtu atoke mjini kuja kutushika mkono.

Kwa hiyo naleta mambo mawili kwenye mkutano wetu ujao. Kwanza, duka letu la ushirika liweke unga wa ulezi karibu na ule wa ngano, ununuliwe kwa wanachama wenyewe. Pili, mashine ya kusaga itenge siku moja kwa wiki kwa ulezi na mtama, maana sasa mwenye debe moja la ulezi anaambiwa angoje mpaka mahindi yaishe, na mahindi hayaishi.

Atakayepinga apinge, lakini kwanza apike, ale, ndipo aseme. Siku ya mkutano nitakuja na sufuria ya rojo na kikaango changu. Mayai nitatoa mimi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Bibi wa kuku 14