Anayeanza Asivunjwe Moyo

Wazazi na walezi wenzangu, kijana anayejifunza ulinzi wa kompyuta kwa njia ya michezo aghalabu haachi kwa uvivu. Huacha kwa kuwa amekwama, hana wa kumwuliza, na hatimaye hujiona kuwa si mtu wa elimu hiyo. Hasara hii ni kubwa, nayo yaweza kuepukwa.

Tutazame mchezo uitwao Bandit, unaotolewa bila malipo na jumuiya ya OverTheWire kwa ajili ya wanaoanza. Mwanzoni mchezaji hutakiwa tu aingie katika kompyuta iliyo mbali, kwa jina na neno la siri alilokwisha kupewa. Humo hukuta faili liitwalo readme. Akilisoma, hupata neno la siri la kuingilia ngazi ya pili. Ushindi huo ni mdogo, lakini ni wake mwenyewe.

Ngazi hiyo ya pili ndipo penye mtihani. Faili limepewa jina la kistari kimoja tu. Mchezaji akitumia amri ileile ya kwanza, kompyuta hunyamaza kimya. Haikuharibika, imekichukua kistari kuwa ni agizo la kungoja maneno yatakayoandikwa kwenye kibodi. Lakini mgeni wa mambo haya hudhani amekosea vibaya, akazima na kuondoka.

Hapo ndipo mkubwa anapohitajika, wala si kwa kumnyang'anya kibodi na kumwandikia jibu. Na amwulize: "Mwanangu, unadhani kompyuta imekielewaje kistari hiki?" Akishindwa, ampe kidokezo kimoja: faili laweza kutajwa pamoja na mahali lilipo. Jibu la mwisho alitafute mwenyewe.

Njia hiyo hufuatwa pia katika picoCTF, mashindano ya wanafunzi wa shule yaliyoanzishwa mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani. Maswali huanzia mepesi, na mengi huambatana na vidokezo, ili aliyekwama apate pa kushika.

Mzazi asiyejua kompyuta naye asijitoe. Yatosha akae karibu, aombe kuelezwa yaliyokwisha kujaribiwa, na asimlinganishe mtoto wake na wa jirani. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kijana aliyeshinda jioni nzima na kistari kimoja, akalifumbua fumbo lake, hatalisahau somo lile; na kesho yake atarudi mchezoni bila kuitwa.