Theluji Katika Sebule za Handeni

Ingia katika sebule kumi za Korogwe au Handeni mjini, kisha uangalie kuta. Utakuta maporomoko ya maji ambayo mwenye nyumba hajui yako nchi gani, milima yenye theluji, bakuli la zabibu, na maandishi ya Kiingereza yanayomkaribisha mgeni ambaye naye Kiingereza hakijui. Picha hizo zimechapwa mbali, zikauzwa Manundu na Chanika kwa fedha ya mahindi. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini kainunua, atakujibu, "Inapendeza." Sikatai. Ninachouliza ni kitu gani kilichomshinda kutengeneza yake.

Nasema kutengeneza, sisemi awe mchoraji. Na hapo ndipo walimu wenzangu walipokuwa wakinicheka chuoni: eti kukata stensili si sanaa, ni kazi ya kuandika namba kwenye madawati na magunia. Hoja hiyo haina miguu. Kanga anayojifunga mama huchapwa kwa skrini, na skrini ni stensili tu: rangi hupita palipoachwa wazi, huzuiwa palipozibwa. Je, yupo aliyewahi kumwambia mkewe kuwa kanga yake si pambo kwa kuwa zimechapwa nyingine elfu zinazofanana nayo?

Wengine hulalamika kuwa turubai ya wachoraji ni ghali. Edward Saidi Tingatinga, ambaye aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mkoa wetu huu wa Tanga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakungoja turubai. Alichukua hadibodi na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na miaka hiyo michache ikatosha kuacha mtindo unaoitwa kwa jina lake duniani kote.

Basi chukua marekani. Uifue itoke dawa ya kiwandani, uivute juu ya fremu ya mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, uigongomee misumari midogo, kisha uipake uji mwepesi wa muhogo. Ikikauka inakaza kama ngoma. Stensili ikate kwa wembe katika filamu kuukuu ya eksirei, maana karatasi hulowa na kupinda. Katika herufi ndipo wengi huumbuka. O, A, B na D zina tumbo, na tumbo likikatwa pande zote linadondoka, ikabaki shimo. Lazima uache vidaraja viwili vya kulishikilia. Brashi usinunue: funga singa za mkonge ziwe fupi na ngumu, kisha gonga, usipake. Rangi iwe kidogo mno, karibu ikauke kwenye brashi. Mwenye pupa rangi yake itapenya chini ya stensili, na mwiba wa mkonge utakuwa kama mguu wa bata.

Mpangilio nao tunao siku nyingi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Uweke pindo kuzunguka, katikati mji, chini jina, yaani neno la nyumba yako mwenyewe, kwa Kiswahili, Kizigua au Kisambaa. Mji uwe mkonge, au Milima ya Usambara kama inavyoonekana ukiwa Korogwe, au kibuyu cha bibi. Watu wetu hawakuanza jana kufundishana kwa maumbo. Hans Cory aliandika kitabu kizima mwaka 1956 kuhusu vinyago vya udongo vya mafunzo ya jando na unyago, vya Wazigua na Wasambaa vikiwemo. Sisemi tuvianike sebuleni. Vile vina mahali pake na wenyewe wapo.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si na picha ya theluji. Ni na shule. Mwaka 1967 tuliambiwa elimu iwe ya kujitegemea, na wapo walioielewa kuwa ni kulima shamba la shule tu. Kazi za mikono zikawa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kisha zikawa maelezo ya kunakili ubaoni. Nimewahi kusimamia mazoezi ya kufundisha ambapo kijana aliandika ubaoni hatua saba za kutengeneza stensili, watoto wakazinakili vizuri kabisa, na darasa zima halikuwa na wembe hata mmoja. Nilipomuuliza kama yeye amewahi kukata, alishangaa. Alidhani namuuliza swali la mtego.

Kijana huyo naye atajenga. Atanunua sofa, na juu ya sofa atatundika maporomoko ya maji. Wa kumlaumu ni sisi tuliompa cheti. Mwenye chuo, mwenye shule, mwenye kamati ya wazazi, anayetaka kuanza, wembe na marekani vinapatikana madukani, na eksirei kuukuu zimejaa mavunguni mwa vitanda vyetu sisi wazee.