Mashine ya Umeme na Mtoto Asiyesema

Baba mmoja wa Pinga ametuuliza swali. Mwanawe wa miaka sita hasemi. Aitwapo haitiki, na kutwa hupanga vijiti kwa mstari. Jirani wananong'ona kwamba ni uchawi. Sasa baba amesikia habari za mashine itiayo nguvu ubongoni bila kisu, naye yu tayari kuuza mbuzi zake ili ampeleke mtoto mjini. Je, auze?

Hali ya namna hii huenda ikawa ile iitwayo usonji. Mwaka 1943, Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa nayo. Si uchawi, wala si kosa la mama. Ni ubongo uliokua kwa njia yake wenyewe.

Mashine nayo ni ya kweli. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka duara la waya juu ya kichwa cha mtu. Nguvu ya sumaku ikapenya mfupa, na mkono wake ukashtuka. Mwaka 2008 Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa huzuni nzito. Kwa usonji haijaruhusiwa. Wataalamu wangali wanajaribu. Wengine huwekewa mashine isiyofanya kazi, kwa maana tumaini peke yake laweza kumfanya mzazi aone mabadiliko. Watu waliojaribiwa ni wachache, na matokeo hayapatani. Tena baadhi ya wenye usonji wana kifafa, na sumaku hiyo yaweza, ingawa ni mara chache, kumwangusha mtu.

Basi, ndugu yetu, usiuze mbuzi. Akuahidiye kuponya kwa mashine hiyo anauza kitu ambacho wenye elimu hawajakipata. Mpeleke mtoto hospitali, wampime masikio. Uwaeleze kama aliwahi kushikwa na degedege au malaria kali. Nyumbani umfundishe jambo moja moja: kabla ya kumpa ndizi, itaje, kisha umngoje aonyeshe kwa kidole.

Nanyi wanafunzi, msimcheke. Nanyi majirani, neno "mchawi" limewafukuzisha watoto wengi nyumbani mwao. Lisitoke vinywani mwenu.

Wataalamu watakapopata jambo la hakika, tutawaandikia papa hapa.